Chumba Ambacho Baba Hakuingia

Kama leo umeambiwa kwamba kifua chako kina ugonjwa, na kwamba itabidi ukae karibu na hospitali kwa miezi mingi, najua kinachokusumbua. Unajiuliza utalala wapi na nani atakupikia. Mambo ya mapafu utaelezwa na wenye kazi hiyo. Mimi niliacha shule darasa la nne, na ingawa niliwauliza watu wa hospitali maswali mpaka wakanichoka, siwezi kukufundisha habari za vijidudu. Ninachokijua ni chumba. Nilikaa katika chumba cha kupanga pembeni mwa mji wa Kisii, mahali ambapo kila mpangaji alijipikia, tangu masika moja hadi masika iliyofuata. Nilitoka mzima. Basi nitakueleza habari za chumba hicho.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa barabara. Nilichuma chai Kericho, nikakata miwa karibu na Kisumu, nikapika katika kambi ya watu wanaotengeneza barabara, kisha nikawa taniboi wa lori la ndizi. Popote nilipofika nilitaka kujua kilima kinachofuata kina nini nyuma yake. Nilipoanza kukohoa nilidhani ni vumbi. Mashati yakawa makubwa, nami nikadhani fundi wa Nakuru alinipunja kwa kunishonea vibaya. Nilitoboa tundu jipya kwenye mkanda, kisha jingine. Siku nilipotema damu katika leso, dereva wangu alisimamisha lori mjini Kisii, akazima injini.

"Shuka, bwana Ombati," akasema. "Nenda hospitali. Ukinifia humu ndani nitamwambia nini tajiri? Kwamba ndizi zimefika lakini taniboi ameharibika?"

Nilicheka mpaka nikakohoa tena. Nikashuka.

Kuhusu benchi la hospitali, nitakuambia jambo moja: usikae mwisho wake. Kila anayekuja anakusukuma usogee, na mwisho wake unajikuta umesimama. Kaa katikati, karibu na mama yeyote mwenye mtoto mchanga, kwa sababu mama huyo atazungumza nawe na saa zitaenda. Nilipigwa picha ya kifua. Mhudumu aliyetuchoma sindano, ambaye wote tulimwita Dresa, aliniambia wodi imejaa watu waliozidiwa kuliko mimi. Nilipaswa kuja kila asubuhi kwa sindano na vidonge, na baadaye, sindano zikiisha, vidonge vingeendelea kwa muda mrefu.

"Kwenu wapi?" akaniuliza.

"Kebirigo, upande wa Nyamira."

"Huwezi kutembea kutoka Kebirigo kila siku na mapafu hayo. Tafuta chumba. Na sikiliza: siku utakapojisikia mzima, siku hiyo ndiyo unaanza kuwa hatarini, maana ndiyo siku watu wanayotoroka. Wengi hurudi hapa wamebebwa."

Nilimwambia nimeelewa. Sikuwa nimeelewa.

Chumba nilikipata kwa Mama Moraa, mjane aliyeuza katika soko la Daraja Mbili nguo kuukuu zilizotoka ng'ambo, zile tulizoziita kafa ulaya. Mumewe alikufa kwa kifua kama changu, kabla dawa hazijafika karibu, kwa hiyo hakuogopa wagonjwa. Wenye nyumba wengine walisikia nikikohoa wakasema vyumba vimejaa. Yeye alinitazama kuanzia viatuni hadi kichwani, akasema, "Kikombe chako ni chako, sahani yako ni yako, makohozi yako kwenye mkebe wenye kifuniko, na dirisha halifungwi mchana. Umesikia?" Kisha akaniuzia koti moja la kafa ulaya, zito, la rangi ya udongo, ambalo mabega yake yaliniangukia hadi karibu na viwiko.

"Hili si langu, mama," nikamwambia.

"Litakuwa lako. Utalijaza."

Nyumba yake ilikuwa mstari wa vyumba vinne chini ya bati moja. Kuta zilikuwa za udongo, zimepakwa saruji kwa nje tu. Mwishoni, ukuta kwa ukuta na chumba changu, kulikuwa na stoo ya nguo zake. Nyuma kulikuwa na kibanda cha kupikia, na kila mtu alileta sufuria yake na makaa yake. Chumba changu kilikuwa na kitanda, msumari wa kutundika koti, na dirisha la ubao ambalo lingepitisha kichwa tu. Ukitafuta chumba, tafuta chenye dirisha linalopata jua la asubuhi. Hilo nililibahatisha.

Wiki za kwanza nilijipikia mwenyewe. Wanaume wa kwetu hawapiki, lakini kambi ya barabara ilikuwa imeniharibu mapema. Kisha nikaishiwa nguvu. Sindano zilinifanya nitembee kama mlevi, masikio yakivuma, na matako yaliuma hata nikawa nakaa kwa upande mmoja kama kuku aliyevunjika mguu. Vidonge nilivitapika na kuvimeza tena. Siku moja sikuweza kuiinua sufuria ya maji. Habari hiyo ilifika Kebirigo, nami sijui ilipita kwa nani.

Baba yangu, ambaye nyumbani tulimwita Tata, alifika na mkungu wa ndizi begani na kigoda mkononi. Mama alikuwa amekufa zamani, dada zangu wote walikuwa wameolewa mbali. Alikiweka kigoda nje ya mlango wangu, akaketi, akatazama barabara.

"Ombati," akaita bila kugeuka.

"Tata."

"Unakula?"

"Kidogo."

Mama Moraa alikuwa anaanika nguo. Akasema, "Mzee, ingia ukae na mgonjwa wako. Huko nje kuna upepo."

"Siwezi, mama. Hiyo ni nyumba ya mwanangu."

"Nyumba gani ya mwanao? Nyumba ni yangu. Yeye amepanga tu."

"Kitanda ni cha nani?"

"Chake."

"Basi."

Mama Moraa hakubisha zaidi, maana naye ni Mgusii. Kwetu, mvulana akishatahiriwa, baba yake haingii tena katika nyumba anamolala, wala hakikaribii kitanda chake. Ni heshima kati ya mzazi na mwana, na hakuna anayeiuliza sababu. Nyumbani haimsumbui mtu, kwa kuwa kuna ua, kuna nyumba nyingine, kuna mahali pengi pa kuketi na kuongea. Lakini mjini una chumba kimoja na kitanda kimo ndani, kwa hiyo chumba chote kimekuwa kitanda. Nilidhani Tata angekaa hapo nje hadi alasiri kisha arudi kwenye shamba lake la chai. Jioni nilimsikia akimwomba Mama Moraa sehemu ya kulala kule stoo, kati ya marobota ya nguo.

Hivyo ndivyo nilivyouguzwa na mtu ambaye hakuingia ndani. Alikuwa hajawahi kupika maishani mwake. Mimi nilikuwa kitandani, mlango wazi, nikimwelekeza kwa sauti iliyobaki.

"Maji yamechemka, Tata?"

"Yanapiga kelele."

"Tia unga kidogo kidogo."

"Nimetia."

"Wote?"

Kikasikika kicheko cha wapangaji kutoka kwenye kibanda. Mama Moraa alikuja kutazama ule ugali wa wimbi, akauliza kama tulikuwa na mpango wa kujenga ukuta. Chakula kikiwa tayari, Tata alikiweka juu ya kipande cha ubao kizingitini, kisha akakisukuma ndani kwa fimbo yake hadi mkono wangu ulipoweza kufika.

"Mzee, unamlisha mtoto au unamlisha chui?" Mama Moraa alimtania.

"Chui angekula," Tata alijibu. "Huyu anachezea chakula."

Tata alikuwa Msabato, kwa hiyo Jumamosi hakuwasha moto. Siku hiyo Mama Moraa, ambaye ni Mkatoliki, alitupashia chakula cha jana. Jumapili yeye akienda misa, Tata alimlindia sufuria ya maharagwe isiungue. Hawakuwahi kukaa chini kukubaliana. Ilitokea tu.

Kulikuja siku mbaya ambazo sitazieleza zote. Homa ilipanda, nikalowesha godoro, damu ikarudi. Mama Moraa ndiye aliyeingia kunigeuza na kuniosha, mwanamume mzima, mbavu zikihesabika. Nilifumba macho kwa aibu. Kutoka nje, mgongo ukiwa umeelekea kwetu, Tata alitoa maagizo: "Mgeuze upande wa kulia. Mpe maji kwanza. Mfunike miguu, amekuwa na miguu ya baridi tangu utoto." Sikujua kwamba alilijua hilo.

Usiku nilipokohoa, aligonga ukuta wa stoo mara moja. Nami niligonga kutoka upande wangu ili ajue nipo. Ndivyo tulivyofanya, usiku baada ya usiku. Kama unamuuguza mtu na huwezi kuwa naye ndani, mtafutie njia ya kukujibu isiyomchosha. Kuzungumza kunachosha sana. Kugonga hakuchoshi.

Ndugu yangu mkubwa, Mogaka, alikuja akiwa amekasirika. Yeye aliruhusiwa kuingia, maana ni ndugu, lakini hakuingia. Alisimama uani akisema ili nisikie.

"Tata, chai inakomaa shambani. Mimi na mke wangu hatuna mikono kumi. Huyu amezunguka Kenya nzima bila kutuletea hata sukari ya robo, leo ndiye unayeacha shamba kwa ajili yake?"

"Mikono miwili inatosha kuanzia," Tata alisema. "Anza."

"Na akipona? Atakaa? Atapanda lori la kwanza atakaloliona."

Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta. Ubaya wa maneno ya Mogaka ni kwamba yalikuwa kweli.

Wimbi lilipovunwa, nilianza kupona. Kwanza nilisikia njaa, njaa ya kweli, ile ya kumchukia mtu anayechelewesha chakula. Halafu nikalala usiku mzima, na asubuhi Tata aliniuliza kwa nini sikumjibu, kumbe alikuwa amegonga kwa sababu ya kimya. Nikatembea hadi hospitalini bila kupumzika kwenye jiwe la njiani. Sindano zilikuwa zinakaribia kuisha. Koti lilianza kupata mabega.

Hapo ndipo barabara iliponiita. Katika chumba cha tatu alikaa fundi cherehani kutoka Nyacheki, jina lake Onchiri, mgonjwa kama mimi, niliyeanza naye sindano karibu pamoja. Tulikaa benchi moja kila asubuhi na tulichoshwa na mambo yaleyale. Siku moja akaniambia kuna lori linalopakia ndizi Daraja Mbili, linakwenda Nairobi alasiri, na dereva anataka watu wawili.

"Unakohoa?" aliniuliza.

"Sikohoi."

"Mimi pia sikohoi. Sasa tunatibiwa nini?"

Neno hilo liliniingia kama chai ya moto. Nilikuwa sijawahi kuona Nairobi isipokuwa kupita. Nilitaka kujua kulikoje. Nilifunga vitu vyangu katika shuka, nikavaa koti, nikafungua mlango.

Tata alikuwa ameketi kizingitini. Si kwenye kigoda, bali chini, mgongo kwenye mwimo mmoja wa mlango, miguu imenyooshwa hadi mwimo wa pili. Alikuwa anamenya ndizi mbichi, sufuria iko kando.

"Tata, nipishe."

"Pita."

Nilitazama miguu yake. Kumruka baba yako ni jambo ambalo hata mlevi wa kwetu halifanyi.

"Kunja miguu, Tata."

"Magoti yananiuma. Yakishanyooka hayakunjiki upesi."

"Yataacha kuuma lini?"

"Wewe una haraka ya kwenda wapi?"

Tata aliona lile furushi, lakini hakulitaja. Alichukua ndizi nyingine, akaanza kuimenya kwa utaratibu kana kwamba ganda lake lilikuwa la kuuzwa. Kule sokoni lori lilipiga honi. Onchiri alipita na mkoba wake wa mikasi, akaniita kwa kichwa. Nilitazama dirisha, lile la kupitisha kichwa tu, nikaona upumbavu wangu.

"Tata, tafadhali."

Ndipo akageuka kunitazama. Kwa miezi yote ile alikuwa akizungumza nami huku anatazama barabara.

"Mimi siingii," alisema. "Wewe hutoki. Tukae."

Nilirudi kitandani na koti langu mwilini, nikakasirika hadi jua likazama. Honi ilipiga mara ya pili, kisha nikasikia lori likipanda mlima, gia ya kwanza, gia ya pili. Sauti ile naijua kama sauti ya mtu wa nyumbani. Ilipopotea, Tata alikunja miguu yake bila tatizo lolote, akainuka, akaenda kuzitia ndizi motoni. Zilikuwa nzuri. Alikuwa amejifunza.

Ukiuliza ni dawa gani iliyoniponya, nitakutajia zile za Dresa, kwa sababu ndizo. Lakini dawa haimponyi mtu aliye Nairobi nayo iko Kisii. Nilikaa karibu nayo kwa sababu ya heshima ileile iliyomweka baba yangu nje kwenye upepo. Yeye hakuivunja ili aingie, nami sikuweza kuivunja ili nitoke.

Sindano zikaisha, vidonge vikaendelea. Mwezi wa kumi na mbili wavulana waliotahiriwa walisindikizwa nyumbani kwa nyimbo, na Tata aliniimbia kipande kimoja kwa sauti mbaya sana. Karibu na wakati huohuo nilimkuta Onchiri hospitalini. Kaka zake walikuwa wamembeba kwenye kiti. Shingo ilikuwa imekonda, kola imebaki wazi. Aliniona na koti langu limejaa, akatabasamu kidogo.

"Nairobi kukoje?" nilimwuliza, maana ndiyo lugha yetu.

"Sijui," akanong'ona. "Nilikaa kitandani."

Alianza upya, sindano ya kwanza. Nilikuwa nampelekea uji wodini, na siku nyingine Tata ndiye aliyeupika. Namshukuru Mungu kwamba yuko hai, anashona huko Nyacheki, ingawa mlima huupanda polepole na wateja wa mlimani huletewa nguo zao na mkewe.

Mogaka naye alikuja tena baada ya mavuno. Safari hii aliingia, akaketi kitandani pangu, akaniwekea pakiti ya sukari mapajani. Tulicheka wote wawili. Alipotoka, nilimsikia Tata akimwuliza kwa sauti ya chini, "Huko ndani kukoje? Kuna nafasi? Ukutani kuna nini?" Nikajua mahali nilipourithi udadisi wangu. Mtu huyu alikuwa amekaa karibu mwaka mzima hatua moja kutoka kwenye chumba ambacho hakupata kukiona zaidi ya mahali fimbo yake ilipofika.

Mvua za masika zilipoanza tena, Dresa aliishika picha yangu ya kifua dhidi ya mwanga, akaitazama, akanitazama mimi. "Nenda nyumbani," akasema. "Na usinitembelee." Nilipenda kumwuliza vivuli vile viliondoka kwa njia gani, lakini foleni ilikuwa ndefu, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na haraka ya kufika Kebirigo.

Tulifungasha siku hiyohiyo. Mogaka alikuja kusaidia. Tulitoa godoro, tukakifungua kitanda, tukakitoa vipande vipande na kuviegemeza ukutani nje. Nilitoa sufuria, mkebe, koti kutoka msumarini. Mama Moraa alikuwa anangoja na ufagio, mpangaji mpya amesimama uani na mkeka wake.

Tata alivitazama vipande vya kitanda. Kisha akamtazama Mama Moraa.

"Sasa nyumba ni ya nani?"

"Yangu, mzee. Nilikuambia tangu siku ya kwanza."

Akavua kofia, akaingia.

Alisimama katikati, akageuka taratibu. Alitazama dirisha, akapima upana wake kwa viganja, akaguna. Aligusa msumari. Akaenda kwenye ukuta wa stoo, akainama, akapata mahali ambapo udongo ulikuwa umechimbika kidogo, saizi ya ngumi, pale nilipokuwa nikigonga. Alipapapasa muda mrefu.

"Nenda stoo," akaniambia.

"Kufanya nini, Tata?"

"Nenda tu."

Nilizunguka, nikaingia kati ya marobota ya nguo, nikaketi pale alipokuwa akilala. Kulikuwa na giza na harufu ya nguo za watu wasiojulikana. Kutoka hapo sikusikia kitu chochote cha chumbani, hata hatua zake, hata pumzi yake. Ni ukuta tu. Nikaelewa jinsi usiku baada ya usiku ulivyokuwa upande huu, kila kikohozi changu kilipokoma.

Kisha akagonga, mara moja.

Huko nje Mama Moraa alikuwa akimwambia mpangaji mpya asubiri kidogo, wazee wana mambo yao. Niliinua mkono, nikagonga kwa nguvu, ili baba yangu asikie.